Mikono ya Marehemu Dafroza Wanzagi, 1943–1995

Baba Paroko, ndugu zetu, majirani wa Nyasura, na ninyi mliosafiri kutoka Musoma, Butiama na Majita, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Kikao cha familia kiliniagiza mimi, Felisian Wanzagi, mdogo wake marehemu, niandike maisha ya dada yangu kwa ukurasa mmoja. Mnanijua. Nimeendesha lori la pamba tangu nikiwa kijana, na dereva wa lori akianza kusimulia safari hawezi kuruka vituo. Mtanivumilia.

Wengi wenu mlimwona Dafroza kwa namna mbili. Mlimwona hana dakika ya kukaa bure, mkasema mama huyu ana bidii. Mlimwona pia akirudi nyuma anapopewa mtoto mchanga, na baadhi yenu, sitawataja kwa sababu nawaona, mkasema ana maringo. Mambo hayo mawili yalitoka mahali pamoja. Mahali hapo sisi wenyewe wa nyumbani tumepajua mwezi uliopita tu. Shangazi yetu Robi, aliyekaa pale mbele na blanketi lake, ameniambia niseme, kwa kuwa aliyeweza kuona aibu alishakufa zamani na aliyeumia sasa amepumzika.

Marehemu Dafroza Wanzagi alizaliwa tarehe 9 Mei 1943 kijijini kwetu Butiama, mtoto wa kwanza wa Mzee Wanzagi na Mama Veronika. Ulikuwa mwaka wa njaa, na mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo alikuja na kilio kidogo, kana kwamba alijua hakuna cha kudai. Alibatizwa mwaka huohuo. Alikuwa mtoto mtiifu kupita kiasi, na hapo ndipo pa kuangalia, maana mtoto mtiifu akiambiwa neno hulibeba lote.

Kwetu, siku ya kupanda mtama, mbegu za kwanza hazitiwi na mtu yeyote tu. Hutafutwa mtoto mwenye mkono mwepesi, akapewa kibuyu, akatia mbegu katika mashimo ya mwanzo, ndipo watu wazima wanafuata. Mwaka 1951 Bibi Gati, mama yake baba, alimchagua Dafroza. Dada aliniambia zamani kwamba siku ile alinawa mikono mara nyingi hadi mama akamcheka. Alitia mbegu. Watu wakafuata, shamba zima likapandwa kutoka kibuyu kilekile na vibuyu vingine vya nyumba ileile. Mvua ikanyesha vizuri. Mtama haukuota. Yalichomoza mashina machache upande wa mtoni, membamba, ya kuhesabika.

Bibi Gati alisimama ukingoni mwa shamba mbele ya majirani, akasema, "Mkono wa mtoto huyu ni mzito. Asishike mbegu tena." Alisema hivyo tu. Hakumpiga, na jioni yake alimpa uji kama kawaida. Majirani wakaenda kuomba mbegu kwingine, tukapanda upya, tukala mwaka ule kwa shida lakini tukala.

Msimu huohuo mama alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, ambaye hakuishi. Siku alipofariki alikuwa mgongoni kwa Dafroza. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Hakuna mtu, si bibi, si mama, si jirani, aliyewahi kumwambia Dafroza kwamba mkono wake uliua mbegu na mgongo wake uliua mtoto. Alijiambia mwenyewe, akiwa na miaka minane, na hakumwambia mtu kwamba amejiambia.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1952, akaishia darasa la nne mwaka 1955. Akili alikuwa nayo. Ila darasa la tano lilikuwa la bweni na mbali, na mama alihitaji msaada nyumbani. Rafiki yake wa shuleni, Mama Wambura, ambaye yupo nasi hapa, ananikumbusha kwamba kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake la maharage. Dafroza alimwomba Wambura ampandie, na yeye akalipa kwa kuteka maji ya kumwagilia matuta ya darasa zima. Mwalimu akamsifu kwa moyo wa kujitolea. Alipewa hata sabuni ya zawadi. Wambura anasema wakati ule aliona amepata mjinga wa kumtekea maji, na hadi leo alikuwa bado anajiuliza kwa nini.

Mwaka 1957 masista walianza kufundisha wasichana ushonaji, naye akawa wa kwanza kuandikishwa. Hapo alipata kazi ya maisha yake. Niliwahi kumuuliza kwa nini anaupenda ushonaji hivyo, wakati mgongo unamuuma na macho yanamwagika machozi. Alinijibu huku ameuma pini mdomoni: "Kitambaa ukikosea unafumua, unaanza upya." Niliona ni maneno ya fundi. Leo nayasikia tofauti.

Tarehe 12 Oktoba 1963 alifunga ndoa na Silasi Masatu, mwashi, Mjita wa ufukweni, mtoto wa wavuvi ambaye alikimbia maji akafuata matofali. Ujombani walitutania sana kwamba tumempata mkwe anayenuka sato. Silasi akatujengea ukuta wa jikoni ambao umesimama mpaka leo, na utani ukaisha wenyewe. Walikaa Nyakato, Musoma, katika nyumba ya kupanga. Alipopelekwa kwa wakwe Majita, mama mkwe alimpa jembe na vipande vya mihogo apande, kama bibi harusi anavyopimwa. Dafroza alisema ana homa. Wakamwona mvivu. Ndani ya wiki moja alikuwa amefua nguo za boma zima, ameshona mashuka yote yaliyochanika na ametwanga mihogo ya watu wasiomwomba, na mama mkwe akaacha kusema.

Walijaliwa watoto wawili, Esta aliyezaliwa mwaka 1965 na Bernado mwaka 1969. Shemeji Silasi ameniruhusu niseme hili pia. Kila mtoto alipozaliwa, Dafroza hakumbeba mpaka mtoto alipoanza kucheka. Jirani alimwekea mtoto kwenye mto mapajani, akanyonyesha hivyo, mikono yake imeshika kingo za kitanda. Silasi aliuliza mara moja. Alijibiwa, "Niache, ni mambo ya kwetu." Sisi wa kwetu tungeulizwa, tungesema hatuna mambo kama hayo. Hakuna aliyetuuliza. Siku mtoto alipocheka ndipo alipomchukua, na kuanzia hapo hakumweka chini. Esta na Bernado walibebwa mpaka miguu yao ikawa inaburuza.

Mimi ni dereva, niseme kama dereva. Kuna lori usukani wake unavuta upande mmoja. Siku za kwanza unalaani. Baada ya muda mkono wako unazoea kulishikilia, na ukiulizwa utaapa kwamba gari linakwenda sawa. Uchovu tu ndio unaokuambia jioni. Dada yangu aliendesha hivyo miaka arobaini na zaidi, na sisi tuliokuwa pembeni tukasifu mwendo.

Mnaikumbuka miaka ya themanini mwanzoni, baada ya vita. Dukani palikuwa na kaunta na mwenye duka, basi. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa. Kitambaa kikipatikana watu wanapanga foleni kabla ya kujua ni cha rangi gani. Fundi mwingine angefunga cherehani. Dafroza aligeuza kola za mashati, upande uliochakaa ukaingia ndani. Alishona sare za shule kwa mapazia. Alishona kaptula kwa magunia ya unga wa msaada, akiyafua kwanza kwa majivu ili maandishi yatoke. Maandishi hayakutoka yote. Katekista wetu Burito, Mungu amweke pema, alipiga magoti mbele ya altare Jumapili ya Matawi, na waumini wote nyuma yake wakasoma kwamba bidhaa hii ni msaada na haiuzwi. Burito aliposikia vicheko alidhani ni furaha ya Bwana kuingia Yerusalemu. Dada alizama chini ya benchi. Kesho yake alimshonea kaptula nyingine kwa khanga yake mwenyewe, na Burito akakataa kuirudisha ile ya kwanza, akasema ndiyo imara.

Saruji ilipokosekana kazi za uashi zilikufa, na mwaka 1983 walihamia hapa Nyasura, walikokuwa na kiwanja na kipande cha shamba. Mwaka uliofuata Silasi alianguka kutoka juu ya paa la watu akavunjika mguu. Mvua zikaanza yeye akiwa kitandani, Esta yuko chuo, Bernado yuko shule, mimi niko barabarani. Dafroza alikuwa amelima shamba lote mwenyewe, kama kila mwaka. Kila mwaka alilima, akapalilia na kuvuna. Kutia mbegu tu ndiko kulifanywa na mwingine. Safari hii mwingine hakuwepo, na asiyepanda wakati ule hakujua atakula nini, maana hata unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, ulikuwa wa kugombaniwa.

Alipanda peke yake. Yakaota. Mahindi yale niliyaona mwenyewe nilipopita na lori, yamesimama vizuri kuliko ya jirani yeyote. Nilimpongeza. Akasema si yeye, ni Mama Kwangu. Mama Kwangu, jirani yake wa upande wa chini, alikatiza shambani siku ile akienda kisimani, na Dafroza alikuwa na hakika kwamba nyayo zake ndizo zilizobariki. Mama Kwangu mwenyewe alishangaa akapokea shukrani na debe la mahindi. Mwaka uliofuata Dafroza alipanda mstari mmoja wa kunde, ndege wakazifukua zote. Hizo alisema ni yeye.

Ndivyo ilivyokuwa. Kilichoota kilikuwa cha mtu mwingine, kilichokufa kilikuwa chake. Nimefikiri sana juu ya jambo hili siku hizi tatu, na sina elimu ya kulieleza zaidi. Neno likishaingia moyoni utotoni, huwa linachagua lenyewe la kusikia.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaja. Nguo zilizokufa Ulaya zikafufukia soko la Bunda, na mafundi wengi wakasaga meno. Wengine waliuza vyerehani vyao. Dafroza alibeba chake kichwani hadi sokoni, akakaa pembeni ya marobota, akawa anapunguza viuno vya suruali za watu wanene wa huko kwa ajili ya wembamba wa hapa. Alibadilisha zipu, alikata mikono ya makoti. Watu walisema huyu mama hafi njaa hata umtupe jangwani. Alifika sokoni kabla ya wafagiaji na kuondoka baada yao. Ukimwambia pumzika, alisema, "Mikono ikikaa inafikiri." Tulicheka. Tulidhani ni utani.

Sasa nakuja mahali ambapo Esta ameniomba nisiruke. Mwaka 1988 Esta, akiwa mwalimu Tarime, alijifungua mtoto wake wa kwanza, Kristina. Mumewe Alfonsi na wazazi wake walisafiri kuja kumwonyesha mtoto kwa bibi yake, kwa heshima zote, na kuku wawili. Kwetu bibi humpokea mjukuu mlangoni. Esta alimnyoosha mtoto. Dafroza akaficha mikono chini ya khanga, akageuka kwa Mama Kwangu, akasema, "Nipokelee." Wakwe waliona. Mama yake Alfonsi alisema wazi, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe mtoto wetu hatakiwi. Dafroza hakujitetea. Alikwenda jikoni akapika, na chakula kilikuwa kingi kuliko wageni walivyoweza kula.

Esta aliondoka kesho yake. Kwa miaka saba hakulala tena nyumbani kwa mama yake. Alituma salamu, alituma sukari, alikuja kwenye misiba akaondoka jioni ileile. Mama naye alituma vigauni vya Kristina, kila mwaka kimoja, na havikukosea kipimo hata mara moja ingawa mtoto hakumwona. Alikuwa akiwauliza abiria wa basi la Tarime, mtoto wa mwalimu Esta anafika wapi mlangoni. Hayo ndiyo mapenzi aliyoweza kuyatoa bila kumgusa mtu.

Ugonjwa ulianza mwezi Machi mwaka huu kwa maumivu ya ubavu. Alishona nao hadi Juni. Julai tulimpeleka hospitali Mwanza, madaktari wakakuta uvimbe kwenye ini, wakatueleza kwa upole kwamba hakuna cha kukata. Agosti tulimrudisha nyumbani. Napenda kuwashukuru kina mama wa jumuiya waliopokezana zamu, na Bernado, aliyeacha kazi yake ya kinu akajifunza kumwogesha mama.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba nilimleta Shangazi Robi kutoka Butiama kumwona. Shangazi haendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Alileta kibuyu cha mbegu za mtama wa nyumbani, ili wampandie mgonjwa nyuma ya jiko apate uji wa mtama anaoujua. Akakiweka kitandani. Dafroza akajivuta hadi ukutani, akasema kitolewe karibu naye.

Shangazi akauliza kina nini. Dada akajibu, "Si mnajua mkono wangu."

"Mkono wako una nini?"

"Bibi alisema. Mwaka ule wa mtama."

Shangazi aliinamisha kichwa, nikadhani hakusikia vizuri. Kumbe alikuwa anatafuta mwaka wenyewe kichwani, maana alikuwa amekwisha kuusahau. Alipoupata, uso wake ulibadilika.

"Mwanangu," akasema, "ile mbegu iliiva. Mbegu tulikuwa tunawekaga darini, juu ya mafiga, moshi uzuie wadudu. Mwaka ule kulikuwaga na harusi ya baba yako mdogo Pastory. Pombe ilipikwa jikoni mle, moto mkubwa, usiku na mchana, haukuzimwa. Mbegu zikaiva mle juu kama bisi. Moto ulikuwa wa mama, bibi yako, na mama alikuwa hapendagi kukosolewa. Sisi wakubwa tulijua wote. Tulijua siku ileile."

"Mlijua?"

"Tulijua. Hatukudhani wewe bado umelishika neno lile."

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi, na nilitamani kutoka nje. Sikuwa na hasira na shangazi. Yeye alikuwa msichana tu wakati ule, na katika boma la Bibi Gati wasichana hawakusahihisha. Lakini niliumia, na ninaumia sasa, kwamba neno ambalo mwenye kulisema alilisema ili kuuficha moto wake, na waliolisikia wakalisahau kabla ya mavuno, liliishi ndani ya mtu mmoja hadi likamzeesha.

Dada hakulia. Aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliuliza, "Na mtoto?"

Shangazi hakuelewa. Mtoto gani.

"Wa mama. Alikuwa mgongoni kwangu."

Hapo ndipo nilipoelewa mto wa mapajani, na khanga ya mwaka 1988, na kila kitu. Shangazi naye nadhani alielewa, kwa sababu alishuka kwenye kiti akakaa kitandani, akaichukua mikono ya dada yote miwili akaiweka juu ya magoti yake.

"Yule alizaliwa na homa yake," akasema. "Mama yako mwenyewe alisema huyu hakai. Alikuwa analia kwa kila mtu, mchana kutwa. Wewe ulikuwa unapewa umbebe kwa sababu kwako ndiko alikuwa ananyamaza."

Dada alitazama mikono yake kwa muda mrefu. Akaomba maji. Baada ya kunywa akasema, "Miaka yote hii," akageukia ukuta, na sisi tukatoka.

Sitawadanganya kwamba kuanzia siku ile alikuwa mtu mwingine. Kwa wiki mbili hakulitaja jambo lile, na kibuyu kilikaa dirishani. Kisha Jumanne ya tarehe 14 mwezi huu alimwambia Bernado alime kipande kidogo nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa bado, ardhi ni vumbi. Bernado alimbeba akamkalisha kwenye kigoda, akawa anachimba mashimo naye akijisogeza kidogo kidogo. Mbegu alitia mwenyewe. Kila shimo alilifunika kwa kiganja chake. Bernado alimuuliza, mama, sasa unaamini? Akajibu, "Sijui. Tutaona."

Jumamosi ile Esta alifika kutoka Tarime. Alikuwa amejifungua mwezi wa kumi, mtoto wa kike, Nyamburi, bado hajaanza kucheka. Nilimweleza habari ya shangazi tukiwa bado kituo cha basi, naye alikaa juu ya mzigo wake pale kituoni hadi basi likaondoka. Alipoingia ndani hakumkaribia mama na mtoto. Alimwacha mtoto kwa Mama Kwangu, kama alivyofundishwa, akapiga magoti kitandani peke yake. Waliyoongea ni yao.

Jumapili tarehe 19 mvua ilinyesha. Dada aliisikiliza ikipiga bati. Ilipokatika alimwambia Bernado akaangalie nyuma ya jiko, Bernado akarudi akasema mama, mvua imenyesha sasa hivi, hata mbegu haijalowa. Tukacheka kidogo. Naye akacheka. Kisha akamwambia Esta, "Nipe mtoto."

Esta akageuka kumtafuta Mama Kwangu. Mama akasema, "Nipe mimi."

Hakusubiri mbegu. Hilo ndilo ninalotaka mlibebe kwenda nalo nyumbani. Nyuma ya jiko palikuwa ni matope matupu, hapakuwa na ushahidi wowote, na mtu ambaye maisha yake yote alisubiri mtoto acheke ndipo amguse alinyoosha mikono yote miwili. Esta alimweka Nyamburi humo. Mtoto alikuwa analia tangu asubuhi. Sitasema alinyamaza palepale, maana hakunyamaza palepale. Alilia kidogo tena, akatafuta, ndipo akanyamaza. Dada alikaa naye hadi giza likaingia, na hatukuweza kumchukua, na hatukujaribu.

Siku zilizofuata kila asubuhi aliuliza, "Umeota?" Tulimjibu bado. Jumatano jioni aliniuliza mimi. Ningeweza kusema umeota, na nani angenilaumu? Nilitoka nje, nikainama, nikatazama vizuri, nikarudi nikamwambia bado. Akasema, "Vizuri. Ukinidanganya nitajua." Akarudi kumtazama mtoto.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 23 Novemba 1995, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake hapa Nyasura, akiwa na miaka hamsini na miwili. Esta alikuwa ameshika mkono mmoja na Silasi mwingine.

Jana, Ijumaa, vijana walipokuja kuchimba kaburi walianza kurundika udongo nyuma ya jiko. Bernado alipiga kelele wakaacha. Mimi nilikuwa natoka kupokea wageni, nikakimbia nikidhani kuna mtu ameanguka. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope. Mtama ulikuwa umechomoza, mistari yote, kila shimo, tangu mwanzo alipokaa na kigoda hadi mwisho alipochoka. Hakuuona. Ulichelewa kwa siku moja. Nimejaribu tangu jana kupata neno la kunifariji juu ya siku hiyo moja, sikulipata, na leo sitajifanya kwamba ninalo.

Marehemu ameacha mume, Silasi Masatu, watoto wawili, Esta na Bernado, mkwe, Alfonsi, wajukuu wawili, Kristina, aliyevaa gauni la mwisho aliloshonewa, na Nyamburi, pamoja nami mdogo wake, Felisian, na shangazi yake, Robi.

Tangazo la mwisho kabla ya kwenda kaburini. Kila mmoja atatupa udongo kwa mkono wake, na hakuna mkono mzito hapa. Yeyote mwenye kudhani anao, aje mbele na aanze yeye. Mkitoka mpite upande wa barabara. Nyuma ya jiko msipite, pamepandwa na dada yangu.

Apumzike kwa amani, yeye na mikono yake.